NJIA YA NYUMA YA JIKO

(Maneno yaliyosemwa bwaloni na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya "Kujitolea katika Hifadhi ya Mazingira". Mnajua kwamba mimi ni mtumishi wa serikali. Mtumishi wa serikali akipewa kichwa cha maneno kama hicho anaweza kusema kwa saa mbili bila kutaja jembe wala mti, na bado watu wakampigia makofi. Leo sitafanya hivyo. Kwanza, nasikia harufu ya nyama kutoka jikoni. Pili, nina deni, na mtu mwenye deni hapaswi kuzungukazunguka. Nitasema juu ya njia moja tu, ambayo karibu kila mtu aliyemo humu ameikanyaga. Ni njia ya nyuma ya jiko.

Wageni wetu wasioijua naomba niwaeleze kwa ufupi. Njia hiyo inaanzia pale penye rundo la kuni, inapita kando ya vihamba vya majirani zetu, kisha inapanda mpaka ukanda wa msitu ambao wenyeji wanauita Nusu Maili. Ukanda huo ulitengwa mwaka 1941, kati ya vihamba na msitu wa mlima, ili wananchi wapate kuni, miti ya kujengea na majani ya mifugo bila kuugusa msitu wenyewe. Mwaka 2005 msitu wa mlima ulipoingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, Nusu Maili nayo ikawekwa chini ya Hifadhi. Lakini sisi tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1994, na wakati huo tulikuwa tukipanda huko kila wiki kuokota kuni za jiko, na mara moja kwa muhula kusafisha mfereji unaoleta maji hapa shuleni.

Watu wa zamani walioichora njia ile hawakuwa wajinga. Iliupanda mlima kwa kujikunja, huku na huku, kona baada ya kona, kama mtu apandaye na mzigo. Sisi tulikuwa na mzigo wa kuni kichwani, njaa tumboni, na masikio yetu yalikuwa yanasubiri ile reli iliyotundikwa mwembeni igongwe kutangaza ugali. Kujikunja kwa njia tulikuona ni ucheleweshaji mtupu. Kwa hiyo tukaacha kona, tukashuka moja kwa moja, kutoka mferejini mpaka karibu na jiko. Kwa njia ya wazee mtu alitumia dakika ishirini, kwa njia yetu dakika saba. Aliyechelewa alikuta maharage yamebaki mchuzi.

Mguu wa mtu mmoja haulibomoi ardhi. Lakini sisi tulikuwa zaidi ya mia tatu, na tulipita pale miaka minne. Nyasi zikafa kwanza. Udongo ukawa wazi, ukashindiliwa mpaka ukang'aa. Mvua ikinyesha, maji hayakuweza tena kuzama, yakatafuta mahali pa kukimbilia, na sisi tulikuwa tumeyatengenezea barabara iliyonyooka. Mwaka wa kwanza ilikuwa alama tu. Mwaka wa pili ilikuwa mfereji wa kina cha kiganja. Mwaka wa tatu tulikuwa tunaruka tunapofika mahali fulani, tunacheka.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilikuja zile mvua za El Niño ambazo watu wa umri wetu hawatazisahau. Sisi tulikuwa katika mtihani wa kidato cha nne. Usiku mmoja tulisikia mlio ambao wengine walidhani ni lori. Asubuhi tukaona kwamba mferejini juu kingo zimebomoka, na maji yote yamefuata ile njia yetu ya mkato. Yalikuwa yamechimba korongo na kuingia moja kwa moja katika kihamba cha mama mmoja jirani yetu, ambaye sitamtaja jina, maana hakuomba kutajwa. Migomba yake ilikuwa imelala. Mibuni aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa imeng'olewa na mizizi yake. Banda la mbuzi halikuwapo, wala mbuzi wawili waliokuwamo.

Mwalimu wa zamu alitupanga mstari, akauliza: "Ni nani walioianzisha ile njia ya kunyooka?" Hakuna aliyejibu. Ndugu zangu, mimi nilikuwa kiranja wa kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitangulia mbele ya mstari wa kuni, na mara nyingi mimi ndiye niliyesema "Kateni hapa, tuwahi." Nikatazama viatu vyangu. Siku chache baadaye tukamaliza mtihani, tukaimba nyimbo za kuagana, tukapanda magari kwenda makwetu. Huo ndio mwanzo wa deni langu.

Nikaenda kidato cha tano kwingineko, kisha Chuo Kikuu, kisha nikaajiriwa. Katika kazi yangu nimesimamia na kuandikia taarifa siku nyingi za kupanda miti. Nawaambieni jinsi taarifa hizo zinavyoandikwa. Mgeni rasmi alipanda mti wa kwanza. Wananchi walijitokeza kwa wingi. Jumla ya miche elfu kadhaa ilipandwa. Taarifa inapigwa mhuri, inapelekwa juu. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniuliza miche mingapi ilikuwa hai baada ya mwaka mmoja, na mimi sikumwuliza mtu. Nilipanda mwenyewe, kwa mikono yangu, mche mmoja mbele ya kamera, na sijui hata leo uko wapi.

Mwaka 2014 nilikuja katika mkutano kama huu. Baada ya chakula nikaondoka kimya, nikapita nyuma ya jiko. Niliona korongo lililonizidi urefu. Kila masika lilikuwa limekula kidogo upande huu na kidogo upande ule. Yule mama alikuwa akikata majani ya ng'ombe ukingoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtu wa shule?"

"Nilikuwa hapa, Mama. Tulimaliza tisini na saba."

Akaacha kukata. Akanitazama, akasema: "Aa, ninyi ndio wa mvua ile." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anavyosema kuwa leo ni Jumanne. Kisha akaniuliza kama nimekula. Kwa mara ya pili nilishindwa kusema neno, nikaaga, nikarudi bwaloni kunywa soda.

Mwaka uliofuata tukaamua, wenzangu wachache na mimi, kwamba tutakuja kuitengeneza njia. Nataka vijana wasikilize hapa, kwa sababu tulikosea karibu kila kitu. Jambo moja tu tulilifanya sawasawa: tuliomba ruhusa. Sehemu ya juu ya njia iko ndani ya Hifadhi, na mtu haingii humo na panga mkononi ati kwa sababu ana nia njema. Tuliandika barua kwa Hifadhi, tukaonana na serikali ya kijiji, tukasubiri, tukaandika tena. Mimi ninayekaa upande wa pili wa meza nilijifunza uchungu wa kusubiri jibu. Hatimaye tulipewa siku na askari wa Hifadhi wa kutuongoza.

Tulikuja watu wapatao arobaini. Tulikuwa na fulana za rangi moja, mbuzi wa kuchoma, na mpiga picha. Tulijaza magogo na udongo katika korongo, kuanzia chini kwenda juu. Tukachonga ngazi za miti katika ile njia ya kunyooka. Tukapanda miche. Jioni tukapongezana. Masika ilipokwisha nilipigiwa simu kwamba magogo yote yako katika kihamba cha yule mama, pamoja na ngazi zetu. Tulikuwa tumemwongezea takataka juu ya hasara.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kijijini, fundi wa mfereji. Wale wasiotoka sehemu hizi wajue kwamba mifereji ya Wachagga, ambayo wenyewe huiita mifongo, si kazi ya jana. Wasafiri wa Kizungu waliofika hapa katika karne ya kumi na tisa waliikuta tayari, wakastaajabu jinsi watu walivyoyachukua maji kutoka katika makorongo ya msituni na kuyatembeza kwenye ubavu wa mlima maili nyingi hadi vihambani. Mzee yule hakusoma shule, lakini anaujua mteremko kwa nyayo za miguu yake. Alitazama kazi yetu, akasema: "Ninyi mmeanza chini. Maji yanaanza juu."

Basi tukaanza upya, naye akiwa mwalimu wetu. Nitawaeleza aliyotufundisha, na mengine ambayo baadaye niliyakuta yameandikwa vivyo hivyo katika vitabu vya wataalamu wa njia za milimani.

La kwanza, adui wa njia ni maji yanayokimbia. Miguu huyatayarishia tu mahali. Ukiyatoa njiani yakiwa bado kidogo, yatakutii. Ukiyaacha yakusanyike, hakuna gogo litakaloyazuia.

La pili, njia isipande kwa ukali. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima inamopita, na kwa wastani isipande zaidi ya mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo. Njia ikiwa kali kuliko hivyo, maji huifuata badala ya kuikata na kupita. Wazee walioweka zile kona walikuwa wameyapima mambo haya bila kalamu. Sisi tulipima kwa kamba, fito mbili na pima maji ya fundi mwashi, tukakuta kwamba ile njia ya kale ilikuwa sawa karibu mahali pote. Hatukuwa na haja ya kujenga njia mpya. Ilitupasa kuirudia ile tuliyoiacha.

La tatu, uso wa njia uinamishwe kidogo upande wa bondeni, ili maji yavuke na kuondoka. Na pale ambapo haiwezekani, yawekwe makinga maji, yaani mawe yaliyopangwa kwa kukata njia mshazari, yenye mlango wa kutolea maji kwenye nyasi. Jiwe lizikwe zaidi ya nusu yake. Jiwe lililowekwa juu juu ni pambo.

La nne, korongo halijazwi. Kwanza unayageuza maji kule kwenye kichwa chake, yasiingie tena. Kisha unaweka vizuizi vidogo vidogo vya mawe ndani yake, ukianzia juu, ili tope likwame nyuma ya kila kimoja. Mvua zenyewe ndizo zitakazolijaza, polepole, kwa miaka.

La tano, ni hili ambalo limenileta mbele yenu. Makinga maji yakijaa tope, hayakingi kitu. Mvua za msimu mmoja tu zinatosha kuyajaza. Kwa hiyo kazi ile tuliyoifanya kwa siku tatu, jasho likitutoka, ingekuwa bure kama mtu asingekuja baada ya masika na baada ya vuli, na sepetu tu, kuondoa tope katika kila mlango wa maji. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuja kuondoa tope, wala hakuna fulana zinazochapishwa kwa ajili hiyo. Lakini njia inaishi au inakufa hapo.

Nilipokuwa natafuta maarifa ya jambo hili nilisoma habari za njia moja huko Marekani iitwayo Appalachian. Mwaka 1921 mtu mmoja aliyeitwa Benton MacKaye alipendekeza njia ya miguu ipite juu ya milima ya mashariki ya nchi ile, na mwaka 1937 ilikamilika kuunganishwa, kutoka jimbo la Georgia mpaka Maine, zaidi ya kilomita 3,500. Inapita sehemu kubwa katika misitu na mbuga za umma. Jambo lililonivutia si urefu wake. Ni kwamba mpaka leo inatunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, na kwamba wamegawana. Kila chama kina kipande chake, na ndani ya chama, mtu au kikundi kina kipande chake. Akija mtu akakuta mti umeanguka njiani, inajulikana mti huo ni wa nani kuuondoa.

Nikajisemea: mbona hiyo ndiyo mifongo? Kila ukoo uliokunywa maji ya mfereji ulijulikana, na siku ya kuusafisha ilitangazwa, na asiyekuja alitozwa. Na mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alilijua jambo hili pia. Akina mama wake walipewa malipo madogo kwa miche, lakini miche iliyohesabiwa ni ile iliyopona. Laiti taarifa zangu zingeandikwa hivyo!

Naomba nisieleweke vibaya. Simwambii mtu kwamba kila kazi ya pamoja ni nzuri kwa kuwa ni ya pamoja. Mwaka 1955 wananchi wa milima ya Uluguru walikataa kuchimba matuta ya ngazi ambayo serikali ya kikoloni iliwaamuru kuyachimba. Ilisemwa kuwa kazi ile ni kwa faida ya udongo wao, lakini mtu aliyelazimishwa hulinda mgongo wake kwanza, udongo baadaye. Hata hapa shuleni tulikosea kuifanya kazi ya njia iwe adhabu. Kijana aliyepewa jembe kwa sababu amechelewa paredi atalichukia jembe mpaka anaoa.

Na upande wa pili uko hivi. Kujitolea kunahitaji mtu aliyeshiba. Katika msaragambo wa huku kwetu, mara nyingi mwenye nacho hulipa faini na kubaki dukani, na maskini ndiye anayekuja na jembe, akaacha kibarua chake cha siku. Sisi tumekubaliana na kijiji kwamba wanafunzi wa zamani hatuji kuwafanyisha majirani kazi ya bure ya kufuta makosa yetu. Fundi wa mfereji hulipwa. Vijana wa kijijini wanaobeba mawe hulipwa. Sisi wenye mishahara ndio tunaojitolea, maana sisi ndio tuliokata njia.

Wapo watakaouliza: Hifadhi ina watumishi na fedha, kwa nini tuwafanyie kazi yao? Mimi nimekaa serikalini miaka ya kutosha kujua kwamba serikali haina macho ya kutosha kuona kila mlango wa maji ulioziba. Hata ingekuwa nayo, ardhi ya umma ni ya nani? Tukisema ni ya umma, na umma ukawa ni mtu mwingine asiyejulikana, basi haina mwenyewe.

Mambo haya yalionekana wazi mwezi Oktoba 2020, moto ulipozuka juu ya Kilimanjaro, eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Uliwaka siku nyingi na kuunguza karibu kilomita za mraba 95. Askari wa Hifadhi hawakuachwa peke yao. Walikwenda wanafunzi wa Chuo cha Mweka, waongoza watalii, wapagazi na wanavijiji, mamia ya watu, wengi wao wakiwa na mapanga na matawi mabichi tu mikononi. Mimi nilikuwa mbali, katika kituo changu cha kazi, lakini wawili wa kundi letu walipanda kupeleka maji na chakula. Walirudi na habari moja: mahali palipokuwa na njia iliyo wazi, watu walifika upesi na moto ulipata mahali pa kuzuiliwa. Mahali ambapo njia ilikuwa imefungwa na vichaka, walisimama wakautazama.

Nawaambia hili hasa ninyi vijana mnaofundishwa kuitazama theluji ya Kibo. Theluji ni nzuri kuitazama. Lakini maji mnayokunywa hapa yanatoka msituni zaidi kuliko kwenye barafu. Miti ya juu, na ile ya jamii ya mierika iliyoungua mwaka ule, hukamata ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone. Mfereji wa shule ni mtoto wa ukungu. Anayetunza njia ya kuufikia msitu anatunza bomba lenu.

Sasa nirudi kwenye deni langu.

Mwaka 2016, siku tuliyomaliza kuweka makinga maji ya mwisho, nilishuka nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba. Wenyeji mnajua maana yake. Wageni wajue kwamba kwa desturi ya Wachagga mtu aliyekosa huchukua jani la sale akaenda nalo kuomba msamaha, na anayeletewa si vyema kulikataa. Mimi si mtu wa huku kwa kuzaliwa. Nilimwuliza fundi kama inafaa, akasema: "Jani halikuulizi kabila."

Nikaenda. Nikamwambia yule mama kwamba mimi ndiye niliyekuwa mbele ya mstari, kwamba mwalimu aliuliza na mimi nilinyamaza. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita. Alilipokea lile jani. Akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema: "Mbuzi mmoja alikuwa na mimba." Hakuongeza neno, akaingia ndani, akaniletea ndizi za kuchemsha.

Sentensi ile nimeibeba mpaka leo. Msamaha alinipa, lakini hesabu aliikumbuka, na alikuwa na haki ya kuikumbuka. Hatukuweza kumrudishia mibuni ya mumewe. Tulipanda mibuni mingine, na mabingobingo kwenye ukingo, nayo anayakata kwa ng'ombe wake. Juu, pale ambapo njia ya mkato ilianzia, kwa idhini ya Hifadhi tuliziba kwa matawi makavu na mawe. Chini, kwenye mpaka wa kihamba chake, yeye mwenyewe alipanda masale mstari mzima. Hakuna mwanafunzi aliyepita hapo tangu siku ile, na hatukuweka kibao chochote.

Korongo bado lipo, nendeni mkalione. Halikukua tena. Tope limeanza kujaa nyuma ya vizuizi, na katika vile vya juu majani yameota, na mringaringa mmoja uliojiotea wenyewe umenifika begani. Huenda wajukuu zenu wataona bonde dogo tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi hatukuziba ufa, kwa hiyo tunajenga ukuta, jiwe kwa jiwe, mara mbili kila mwaka.

Nina maombi mawili, kisha nikae.

Kwa wanafunzi wa zamani: fedha zenu tunazipokea kwa shukrani, lakini mwaka huu siombi fedha. Naomba asubuhi mbili, moja baada ya masika na moja baada ya vuli. Nimechora njia nzima katika karatasi iliyobandikwa pale mlangoni, nikaigawa katika vipande kumi na viwili. Saba vina majina ya miaka ya kumaliza. Vitano ni vitupu. Miaka yenu mnaijua. Atakayeandika jina ajue kwamba haandiki mchango, anaandika mlango wa maji ambao ukiziba tutamwuliza yeye.

Kwa vijana: Mwalimu Mkuu amekubali kwamba kuanzia muhula ujao kazi ya njia haitakuwa adhabu tena. Kila bweni litakuwa na kipande chake, kando ya kipande cha wakubwa wenu, na bweni litakalopenda litapewa fundi wa mfereji awafundishe kupima mteremko. Mzee amezeeka. Anayoyajua hayamo katika kitabu chochote cha maktaba yenu, na hana mwanafunzi.

Na siku moja, vijana, mmoja wenu atakuwa mbele ya mstari, ana njaa, reli imegongwa, na chini anaona paa la jiko. Nyuma yake wenzake watasema, "Kata hapa, tuwahi." Nimesimama hapa kwa ajili yake huyo. Namwomba azunguke kona. Maharage yatapoa kidogo.

Kesho saa moja asubuhi, nyuma ya jiko. Masepetu yako stoo, nimeyahesabu mwenyewe.